Punda wa Dobi na Njia ya Kisanskriti: Mwongozo kwa Kijana wa Themi

Ukiishika barabara ya Njiro asubuhi, pale Themi mjini Arusha, hutakosa kibao cha dobi. Pasi inafuka moshi wa mkaa, mashati ya watu wa ofisini yananing'inia kwenye kamba, na mwenye kazi hana habari kwamba jina la kazi yake limesafiri mbali kuliko yeye. Dobi tulilipokea kwa Wahindi. Kwao ni dhobi, na wanaisimu hulirudisha hadi kwenye mzizi wa Kisanskriti dhāv, wenye maana ya kuosha. Ukimwambia dobi huyo kwamba kodi ya chumba imefika laki moja, umetaja neno jingine la ukoo huohuo, kwa kuwa laki ni lakṣa, mia elfu. Sukari, msandali, bangi na sataranji nazo asili yake ni hukohuko, kila moja kwa njia yake, nyingine zikipitia kwa Waajemi na Waarabu kabla ya kutufikia.

Makala haya ni ya kijana aliyemaliza kidato cha sita au anayesoma chuo, anayependa lugha, na aliyewahi kujiuliza kama mtu wa Arusha anaweza kuwa msomi wa Kisanskriti: kuisoma fasihi yake, kuitafsiri na kuifundisha chuo kikuu. Jibu ni ndiyo, lakini ni ndiyo yenye masharti. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Usiende huko kama mtu anayekiacha Kiswahili nyuma. Ukikiacha, utakuwa mmoja kati ya watu wengi mno wanaosoma Kisanskriti kupitia Kiingereza, na wengine wao walianza kukisikia nyumbani wakiwa watoto. Ukikibeba, una mtaji ambao wao hawana.

Hadithi tuliyokwisha kuwa nayo

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekaa Unguja miaka ya 1860 na baadaye akawa askofu, alichapisha London kitabu cha hadithi alizozikusanya kwa wenyeji. Mojawapo ni Kisa cha Punda wa Dobi. Wengi tumeisikia kwa bibi, bila jina la kitabu wala la askofu. Kima anakaa juu ya mkuyu uliootea kilindini, anamtupia papa matunda, na wawili hao wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwalika kwao, anampakia mgongoni, na wakiwa katikati ya bahari anamweleza ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba wao kima wakitembea huiacha mioyo yao mtini. Papa anageuza, kima anarukia tawi, na hashuki tena. Alipoitwa mara ya pili akauliza: kwani mimi ni punda wa dobi?

Hapo hadithi inazaa hadithi. Punda alimtoroka dobi, akanenepa porini. Sungura akaja na posa kutoka kwa simba. Simba akamrukia, akamkosa, punda akakimbia. Sungura akambembeleza tena, punda akarudi, na safari hii akaliwa. Sungura akaula moyo na masikio kwa siri. Simba alipouliza viko wapi, akaambiwa kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio, kwa maana angekuwa navyo asingerudi.

Sasa fungua kitabu cha 4 cha Panchatantra, mkusanyo wa hadithi uliotungwa kwa Kisanskriti zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kima yupo. Mti upo, ila ni jambu, jamii ya mzambarau wetu. Majini kuna mnyama wa aina ya mamba, na anayeutaka moyo wa kima ni mke wake: matunda ni matamu, anasema, basi moyo wa anayeyala kila siku utakuwaje? Ndani yake kuna simba, kuna mbweha badala ya sungura, na kuna punda aitwaye Lambakarna, yaani Masikio-marefu. Huyo Lambakarna ni mali ya nani? Ya dobi.

Njia ya hadithi hii kuja magharibi inajulikana vizuri. Katika karne ya 6 tabibu wa Kiajemi, Burzoe, aliitafsiri Panchatantra kwa Kipahlavi, katika zama za mfalme Khosrow Anushirwan. Tafsiri hiyo imepotea. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa aliitoa kwenye Kipahlavi akaiweka kwenye Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna, na kwa Kiarabu hicho ikaenea dunia nzima. Katika Kiarabu mnyama wa majini ni kobe, na mti ni mtini. Linganisha na Unguja. Mkuyu ni jamaa wa mtini, si wa mzambarau. Hiyo ni alama ya miguu mchangani: inaelekea hadithi ilitufikia kwa mkono wa Waarabu, si kwa wafanyabiashara wa Kigujarati moja kwa moja. Papa ameingizwa na watu wa pwani wenyewe, na sultani pia. Posa nayo ni tofauti ya kupendeza: katika Kisanskriti punda dume anaahidiwa majike porini, na katika Kiswahili punda mwenyewe ndiye anayechumbiwa. Dobi peke yake amevuka vituo vyote bila kubadilika kazi.

Mwaka huohuo wa 1870, mjini London humohumo, mtaalamu wa Kisanskriti Max Müller alitoa mhadhara juu ya kuhama kwa hadithi, akizifuata kutoka India hadi kwa La Fontaine wa Ufaransa. Ramani yake ilielekea Ulaya. Njia ya kusini, ya majahazi, inangoja watu wanaosoma Kisanskriti, Kiarabu na Kiswahili kwa pamoja. Watu hao ni wachache mno, na ndiyo maana nimeikalia hadithi hii muda mrefu. Mwombaji wa nafasi ya uzamivu anayekuja na swali kama hili hafanani na mwombaji mwingine yeyote kwenye rundo.

Onyo moja kabla ya kuendelea. Ukianza kusoma, utakutana na siṃha, simba wa Kisanskriti, na moyo utakudunda. Tulia. Simba wetu ni neno la Kibantu, na lina ndugu katika lugha za bara ambako jahazi halikufika. Kufanana si undugu. Vivyo hivyo usiende Lakilaki, kule Kisongo, ukarudi na nadharia ya lakṣa.

Sarufi: ugumu ulipo na usipo

Kisanskriti kina sifa ya kutisha. Nomino ina miundo 8 ya kisarufi kulingana na kazi yake katika sentensi, idadi 3, yaani umoja, uwili na wingi, na jinsi 3. Nomino moja basi huweza kuwa na maumbo 24 kwenye jedwali, ingawa mengine hufanana. Mwanafunzi wa Kiingereza akiona jedwali hilo hulia. Aliyelelewa kwa Kiswahili hana sababu ya kulia sana: kile kikapu kikubwa kimechanika, vile vikapu vikubwa vimechanika, mtoto wa miaka minne wa Themi anapatanisha sentensi nzima bila kufundishwa. Wazo la kwamba nomino inatawala vivumishi vyake si geni kwako.

La kushangaza zaidi ni sandhi, kanuni za sauti zinapokutana. Vitabu vya Kiingereza huichukulia kama adhabu. Tazama lakini. Katika Kisanskriti a ikikutana na i huzaa e: mahā na indra hutoa Mahendra, jina ambalo huenda unalifahamu kwa rafiki wa Kihindi. Katika Kiswahili wa- na -ingi hutoa wengi, ma- na -ino hutoa meno. Kanuni ni ileile. Katika Kisanskriti u ikitangulia irabu nyingine hugeuka kuwa w, hivyo su na āgatam hutoa swagatam, neno la makaribisho. Katika Kiswahili mu- na -ana hutoa mwana. Lugha hizi hazina undugu wowote. Ni kinywa cha binadamu tu kinachofanya kazi ileile. Hata hivyo aliyesoma mofolojia ya Kiswahili sawasawa chuoni ameshavuka nusu ya mto huo.

Mizizi nayo: pend- inatoa penda, pendana, pendeza, upendo, mpenzi. Wanasarufi wa India walizichambua lugha zao hivyo zamani sana. Panini aliandika kanuni zipatazo 4,000 fupifupi kama simu za maandishi za zamani, na orodha ya mizizi inayoambatana nazo ina mizizi ipatayo 2,000. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha mnyambuliko atajisikia nyumbani.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Uko kwenye maneno ambatani marefu ambayo mshairi anaweza kuyanyoosha mstari mzima, kwenye msamiati mkubwa ajabu wenye visawe vingi, na kwenye matamshi: p na ph ni sauti mbili, t ya menoni na t ya ulimi uliokunjwa ni mbili. Hapa mtu wa Mombasa anamzidi mtu wa Arusha, kwa sababu Kimvita bado kinatofautisha paa wa porini na paa la nyumba kwa mpumuo. Sisi wa bara itabidi tujifunze kwa sikio.

Hati ya Devanagari isikuogopeshe. Wiki tatu za kuandika kila jioni zinatosha.

Shloka na utenzi

Hapa nina jambo ninaloliona kubwa kuliko yote.

Ubeti wa kawaida wa tenzi za Kisanskriti, ule uliobeba sehemu kubwa ya Mahabharata na Ramayana, unaitwa shloka. Una vipande 4, na kila kipande kina silabi 8. Msomaji wa Kiswahili amekwisha kuinua macho. Utenzi wetu una vipande 4 kwa ubeti, na mizani 8 kwa kipande. Wafasiri wa Kiingereza wamehangaika kwa zaidi ya miaka 200 kutafuta umbo linaloibeba shloka, wengine wakakata tamaa na kuandika nathari. Sisi chombo kipo kabatini, kimesuguliwa na watunzi wa Pate, Lamu na Mombasa.

Tofauti zipo. Shloka haina vina. Inategemea silabi fupi na ndefu kwa mpangilio maalumu, hasa mwishoni mwa vipande. Utenzi unataka vina, vipande vitatu vya kwanza vikifanana na cha nne kikishika bahari ya shairi zima. Mfasiri lazima aamue anapoteza nini. Nimejaribu kuuanza mkasa wa kima hivi:

Kima juu ya mtini
Na papa chini majini
Walipendana moyoni
Kama ndugu wa kunyonya

Si ubeti wa kushinda tuzo, lakini mizani imetimia na mtu wa pwani anaweza kuuimba. Sasa fikiria kazi yenyewe. Mapokeo yanasema Mahabharata ina beti laki moja, kwa lakṣa ileile ya kodi ya chumba. Toleo la kitaaluma lililohaririwa Pune katika Taasisi ya Bhandarkar, kazi iliyoanza 1919 na kumalizika 1966, limezipunguza hadi karibu na 75,000. Hakuna anayekutaka uzitafsiri zote. Kisa cha Nala na Damayanti, kilichomo ndani yake, ndicho ambacho wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza au wa pili husomeshwa, kwa sababu lugha yake ni nyepesi. Utenzi wa Nala kwa Kiswahili, wenye utangulizi na maelezo, ni tasnifu ya umahiri iliyokamilika.

Utasikia hoja kwamba tafsiri zinaweza kupitia Kiingereza. Zinaweza. Shaaban Robert alimfasiri Omar Khayyam kupitia Kiingereza cha FitzGerald, na kilichotoka ni Kiswahili cha Shaaban Robert, kitamu. Bhagavad Gita ya Kiswahili inayosambazwa na wafuasi wa Hare Krishna nayo inatokana na maandishi ya Kiingereza ya mwalimu wao. Lakini chuo kikuu hakiajiri mtu kwa tafsiri ya tafsiri. Kinataka mtu anayeweza kusema: hapa Kiingereza kimekosea, na sababu ni hii.

Chukua neno dharma. Ukiandika dini, umelifungia msikitini na kanisani. Haki inaleta mahakama. Wajibu unaleta ofisi. Desturi inawaleta wazee wa ukoo. Katika ukurasa mmoja neno hilo linaweza kudai lote hilo kwa zamu. Kuna shule inayosema liachwe kama lilivyo. Mimi sipendi neno la kigeni likae katikati ya sentensi kama jiwe kwenye wali; ningebadilisha kwa muktadha na kueleza mwishoni mwa kitabu. Hata moyo si rahisi. Punda aliyekosa moyo na masikio, kwa Kisanskriti, amekosa akili, kwa kuwa moyo huko ni makao ya fikra. Kwetu asiye na moyo amekosa ujasiri au huruma, na asiye na masikio hasikii la mkuu. Mzee wa Unguja aliyemsimulia Steere hakuyabadili maneno, na hadithi ikapata maana ya pili bila yeye kuhangaika.

Njia ya masomo

Hapa nchini huwezi kusomea shahada ya Kisanskriti. Kwa hiyo kuna njia mbili, na zote zinapita nje.

Ya kwanza ni kwenda India moja kwa moja baada ya kidato cha sita. Baraza la India la Mahusiano ya Utamaduni, ICCR, lililoanzishwa 1950, hutoa ufadhili kwa wanafunzi wa Afrika. Maombi hufanywa na mwombaji mwenyewe mtandaoni, na Ubalozi wa India Dar es Salaam ndio unaoshughulika na waombaji wa hapa. Mtu akikuambia anataka pesa akupeleke kwenye ufadhili huo, mpe mgongo. Pune, Varanasi na Delhi ndiko mizizi ilipo. Chuo cha Deccan cha Pune kinaandaa kamusi kubwa ya kihistoria ya Kisanskriti, kazi iliyoanza 1948 na ambayo bado iko mbali na mwisho. Tofautisha vyuo vya aina mbili. Vyuo vikuu vya kawaida, kama Chuo cha Banaras kilichoanzishwa 1916, hutoa shahada za majina tuliyoyazoea. Vyuo vya mapokeo ya Kisanskriti hufundisha kwa Kisanskriti chenyewe au Kihindi, na vyeti vyake huitwa Shastri, Acharya na kadhalika. Elimu yao ni ya kina kupita maelezo, wanafunzi huvisoma vitabu kwa kichwa, lakini ukirudi na cheti chenye jina hilo mwajiri wa Tanzania atakikodolea macho. Waulize Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kabla hujapanda ndege, si baada ya kushuka.

Njia ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Soma shahada ya kwanza hapa, Kiswahili, isimu au fasihi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dodoma, au SUZA kule Zanzibar. Mchepuo wa HKL unafaa vizuri. Wakati huohuo jifunze Kisanskriti pembeni, ili ukiomba umahiri nje uwe na msingi, kwani programu nyingi za umahiri hutaka uwe umeshasoma lugha yenyewe kwa kama miaka miwili. Faida yake ni kwamba mlango wa Kisanskriti ukijifunga, una taaluma mkononi.

Ukifika kwenye umahiri na uzamivu, tafuta chuo ambacho lugha zako zote mbili zina historia: Leiden kule Uholanzi, Hamburg kule Ujerumani, L'Orientale ya Napoli kule Italia, SOAS ya London. Mfano upo. Jan Knappert, Mholanzi aliyefariki 2005, alipitia Kisanskriti Leiden kabla ya kuwa mtafiti wa tenzi za Kiswahili, na ndiye aliyeiweka Kalevala, utenzi wa Wafini, katika Kiswahili. Yeye alitoka huko akaja kwetu. Wewe unakwenda kinyume chake, na una faida ambayo hakuwa nayo: lugha ya mama. Hakikisha tu kwamba idara unayoiomba bado iko hai. Cambridge ilitangaza mwaka 2006 kuiondoa shahada ya kwanza ya Kisanskriti, na si peke yake iliyopunguza. Mwandikie profesa barua fupi kwanza. Mweleze umesoma nini, unataka kuuliza nini, na kwa nini swali hilo linahitaji Kiswahili. Usimwandikie kwamba unaipenda India tangu utotoni.

Na hapo nyumbani, kabla ya yote hayo? Kwa bando la kawaida unapata mengi. Kamusi ya Monier-Williams ya 1899 iko wazi kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Cologne. Kitabu cha kusomea cha Lanman cha 1884, kinachoanza na Nala, kinapatikana bure. Kwa sarufi tumia kitabu cha Madhav Deshpande au cha akina Goldman wa Berkeley. Saa moja kila siku ni bora kuliko Jumamosi nzima. Chama cha Samskrita Bharati, kilichoanza 1981, hufundisha kukizungumza kwa siku kumi. Si lazima kwa msomi, lakini ulimi unalegea.

Arusha yenyewe ina Wahindu na mahekalu, na asubuhi unaweza kusikia Kisanskriti kikisomwa kwa sauti. Nenda, vua viatu, amkia wazee, omba ruhusa ya kusikiliza. Usitarajie kwamba anayeongoza ibada atakuwa mwalimu wa sarufi; wapo wanaojua maneno kwa moyo bila kuyachambua, kama ilivyo kwa Kiarabu kwetu. Mzee wa Kigujarati wa dukani, hata hivyo, anaweza kukufundisha kuitofautisha t na t kwa dakika tano. Na ukitaka kuona jinsi watu wanavyojifunza lugha ya kale ili wasome maandiko, panda daladala hadi Makumira. Wanafunzi wa teolojia wa Kilutheri hapo wamekuwa wakihangaika na Kigiriki na Kiebrania kwa miaka mingi, na mbinu zao za kukariri majedwali zinafaa kwa Kisanskriti pia.

Mkate

Ajira za kudumu za Kisanskriti duniani ni chache, na waombaji wa kila nafasi ni wengi. Baada ya uzamivu watu huishi kwa mikataba ya mwaka mmoja au miwili, wakihama nchi. Anayekuambia vinginevyo anakuuzia kitu.

Kwa hiyo jenga mguu wa pili, na Arusha ni mji mzuri wa kuujengea. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa tangu 2007. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa. Mahakama ya mauaji ya Rwanda, iliyoundwa 1994, ilifanya kazi hapa kwa miaka mingi na kutegemea wafasiri na wakalimani kila siku ya kikao. Tangu 2022 Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, pamoja na Kiarabu, Kifaransa, Kiingereza, Kihispania na Kireno. Hakuna atakayekulipa kwa Kisanskriti katika majengo hayo. Lakini msomi wa Kisanskriti analazimika kusoma Kijerumani au Kifaransa ili asome watangulizi wake, na akifuata njia ya Kalila anahitaji Kiarabu. Kifaransa na Kiarabu vinalipwa. BAKITA nao, walioundwa kwa sheria mwaka 1967, huthibitisha tafsiri. Ukitaka kufanya kazi hiyo kwa heshima, anza kujuana nao mapema.

Kuna uhariri, kuna ukutubi wa miswada, kuna kazi za kuandaa matini kwa kompyuta. Ukirudi Dar es Salaam au Zanzibar kama mhadhiri wa fasihi linganishi au tafsiri, Kisanskriti kitakuwa ghala lako la utafiti, na mshahara utatokana na Kiswahili. Sioni aibu katika hilo.

Nyumbani watauliza

Mama atauliza kama unabadili dini. Swali lake ni halali, mjibu kwa upole. Al-Biruni alikuwa Mwislamu, alijifunza Kisanskriti katika karne ya 11 na kuandika kitabu kikubwa kuhusu India. Ibn al-Muqaffa aliifanya Panchatantra kuwa fasihi ya Kiarabu inayosomwa hadi leo. Na fasihi yenyewe si ya ibada tupu: mna tamthilia za Kalidasa, siasa ya Arthashastra, tiba, sarufi, na hisabati ya Aryabhata ya mwaka 499. Tarakimu unazoandikia namba ya simu zilitoka huko kupitia kwa Waarabu. Baba atauliza utakula nini. Msomee sehemu iliyotangulia.

Kisha anza na karatasi. Dirisha la ICCR kwa kawaida hufunguka mwanzoni mwa mwaka, na masomo huanza katikati yake, kwa hiyo aliyengoja matokeo ndipo aanze kutafuta pasi ya kusafiria amechelewa. Hakikisha jina lako limeandikwa sawa kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya NECTA, kitambulisho cha NIDA na pasi. Wengi wa kwetu wana Yohana kwenye kimoja, John kwenye kingine, na jina la babu likitokea linapotaka. Kama ndivyo, nenda kwa wakili ukaandikiwe kiapo cha majina sasa, kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza wa Lanman.